Mlinzi wa Droo Laki Mbili

Sietske Wiarda aliingiza disketi kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyofanya kabla ya kila pambano tangu Ijumaa, akasubiri jina la programu yake lijitokeze kwenye skrini kwa herufi za kijani: Ljip. Kwa Kifrisia hilo ni jina la ndege mwenye kishungi anayetaga mayai chini, katikati ya malisho ya ng'ombe, mahali ambapo kila mwenye akili timamu angemshauri asitage. Nje, mvua ya Novemba iliuchapa mji wa Leiden ubavuni, na washiriki walioingia kwa kuchelewa walikuwa wakikamua kofia zao mlangoni.

Ukumbini kulikuwa na meza kumi na mbili. Kila meza ilikuwa na ubao mmoja wa sataranji, saa moja ya mchezo, kompyuta mbili, na watu wawili ambao hawakuruhusiwa kufikiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mashindano ya programu: mwendeshaji ni mkono tu. Anasubiri mlio wa kompyuta yake, anasoma hatua iliyoamuliwa, anaisogeza kete ubaoni, anabonyeza saa, kisha anaandika kwenye kibodi jibu la mpinzani. Akiona programu yake inaelekea shimoni, anaiangalia ikitumbukia. Na programu ikitoa hatua ambayo sheria za sataranji haziiruhusu, imeshindwa papo hapo, hata kama ilikuwa imebakiza pigo moja kumfunga mfalme wa mwenzake.

Hii ilikuwa raundi ya saba, ya mwisho. Ljip ilikuwa na pointi tatu katika mapambano sita, na Sietske alihitaji ya nne. Dakta Eelkema, mhadhiri wake kule Groningen, alikuwa ameliweka jambo hilo wazi kwa upole wake wa kawaida: programu ikivuka nusu ya pointi zote, tasnifu ingeandikwa kwa njia ya Sietske, isipovuka, Sietske angeiacha njia yake na kufuata ile inayojulikana. Sare isingetosha.

Njia inayojulikana ilikuwa hii. Programu ya sataranji inapopekua mamilioni ya hali za ubao, hukutana na hali ileile mara nyingi kwa kupitia njia tofauti. Ili isirudie kazi, huipa kila hali namba yake, na namba hiyo huielekeza kwenye droo moja katika kabati kubwa la kumbukumbu. Ndani ya droo, watu wengine wote ukumbini walihifadhi hukumu: hali hii inashinda, au inashindwa, usijisumbue kuipekua tena. Sietske hakuhifadhi hukumu. Katika droo zake laki mbili na zaidi aliweka kitu kimoja tu: hatua iliyoonekana bora zaidi mara ya mwisho programu ilipopita hapo. Programu ikirudi, huijaribu hatua hiyo kwanza, na ikionekana bado ni nzuri, nyingine nyingi huachwa upesi. Lakini kupekua ilikuwa lazima ipekue.

Wazo hilo hakulitoa kitabuni. Kila mwaka majani yalipoanza kurefuka, babu yake alizunguka malisho ya kijiji cha Wâldsein akichomeka kijiti karibu na kila kiota cha ljip, ili dereva wa trekta la kukatia majani asiyapande mayai. "Kijiti hakisemi mayai yapo," babu alikuwa akimwambia dereva. "Pengine kunguru kashapita. Kijiti kinakwambia shuka hapa kwanza, uangalie." Sietske alikuwa na umri wa miaka tisa alipoyasikia maneno hayo, na miaka kumi na minne baadaye aliyageuza kuwa mistari ya programu. Aliamini, kwa uthabiti uliowachekesha wenzake, kwamba kumbukumbu ina haki ya kushauri na haina haki ya kuhukumu.

"Mlinzi wako kaamka leo?" aliuliza Wubbo Tammenga, akiketi kando yake na mkate wa zabibu mdomoni.

Wubbo alikuwa mwanafunzi mwenzake, mshirika wake katika kuiandika Ljip, na mtu pekee aliyeruhusiwa kuicheka mbele yake. Mlinzi aliyemtaja ilikuwa ni sehemu ndogo ya programu ambayo Sietske alikataa katakata kuifuta. Kila hatua iliyotoka kwenye droo ilisimamishwa kwanza na kukaguliwa: je, sheria zinaruhusu hatua hii, kwenye ubao huu, sasa hivi? Ikiwa haziruhusu, ilitupwa, na kihesabu kidogo kwenye pembe ya skrini kiliongezeka kwa moja.

"Mwache mlinzi wangu. Amekukosea nini?"

"Anakula muda wetu, Siets! Jana pambano zima, hatua milioni nne zimepita mlangoni, kakamata wahalifu thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja! Wote ni ajali ya namba mbili kugongana. Mtu hawezi kupita bila kupapaswa mifuko."

"Hao thelathini na mmoja ungewapeleka wapi?"

"Ningewasalimia tu waende zao," alisema Wubbo, na makombo ya mkate yakaangukia kibodi. Sietske aliyapuliza.

Kila mtu pale alijua kwamba mara mojamoja hali mbili tofauti hupata namba moja, kwa bahati mbaya tu, kama watu wawili wasiofahamiana wanavyoweza kuzaliwa siku moja. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwauliza wale thelathini na mmoja walikotoka. Hata Sietske hakuuliza.

Mpinzani wao alifika akiwa na chupa ya kahawa kwapani. Govert Draaisma alikuwa fundi wa mitambo ya kusukumia maji kule Dordrecht, mtu wa miaka hamsini na kitu, na programu yake, Notaris, ilikuwa ikiongoza mashindano. Alikuwa ameipa jina la wale wanaopiga mihuri hati, kwa sababu droo zake zilijaa hukumu zilizopigwa muhuri.

"Binti Wiarda! Bado unakataa kuhukumu?"

"Bado, Bwana Draaisma."

"Basi leo Notaris atakuhukumia wewe." Alimimina kahawa katika vikombe vitatu, kwa kuwa katika kumbi zile mpinzani hunyweshwa kwanza ndipo hupigwa. "Lakini nakwambia kweli, mwenzangu Eelkema anakuonea. Wazo lako ni zuri. Ni polepole tu kama barua ya serikali."

"Asante kwa nusu ya kwanza," alisema Sietske, na mzee akacheka mpaka akalazimika kukiweka kikombe chini.

Bi Hillegonda Roest, mwamuzi, aligonga kengele. Saa zikaanza kutembea.

Ljip ilicheza kete nyeupe. Kwa saa nzima ya kwanza ilicheza kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kutia sahihi: ilipekua kidogo kuliko Notaris, ikatumia muda mwingi kuliko Notaris, lakini haikutoa chochote bure. Mfalme wake alibaki katikati ya mstari wake wa nyumbani, na ngome ya kulia ilibaki pembeni. Kati yao njia ilikuwa wazi, tayari kwa ile hatua ya pekee ambamo mfalme na ngome husogea kwa pamoja na mfalme akajificha. Wachezaji wenyewe waliiita kujificha ngomeni. Mfalme ana haki hiyo mara moja tu, na akishasogea hata mraba mmoja huipoteza kabisa, hata akirudi alipokuwa.

Katika hatua ya ishirini na saba, malkia mweusi alitoka upande wa kushoto akamtishia mfalme. Ljip ikamsogeza mfalme mraba mmoja kulia. Notaris, kwa sababu zake za kisheria, ikamrudisha malkia mahali alipotoka.

Hapo ndipo Sietske alipotupia jicho pembe ya skrini.

Kihesabu kilikuwa kimesimama kwenye ishirini na sita tangu asubuhi. Sasa kilisoma mia nne. Alipopepesa macho kikawa mia tisa, kisha elfu moja na mia mbili, kikakimbia kama mita ya maji ya nyumba iliyopasuka bomba.

"Wubbo," alisema kwa sauti ya chini. "Mlinzi kaamka."

Wubbo aliacha kutafuna. "Elfu mbili? Hapana. Namba hazigongani hivyo. Haiwezekani."

"Haiwezekani, ndiyo. Kwa hiyo hazigongani."

Hakuruhusiwa kugusa chochote, lakini hakuna sheria iliyomkataza mwendeshaji kufikiri kuhusu kazi yake mwenyewe. Alifumba macho akaipitia programu toka juu hadi chini. Namba ya kila hali aliijenga kwa kuchanganya namba ndogo ndogo: moja kwa kila aina ya kete katika kila mraba, jumla mia saba sitini na nane. Akaongeza moja ya kuonyesha ni zamu ya nani. Mia saba sitini na tisa. Aliziona zikiwa zimepangwa katika faili lake, mstari kwa mstari, alizozizalisha mwenyewe Jumanne moja ya mwezi wa tatu akiwa na mafua. Mia saba sitini na tisa, basi, faili likaisha.

Haki ya kujificha ngomeni hakuipa namba.

"Ni mimi," alisema. "Nimesahau haki ya mfalme. Ubao ambao mfalme hajawahi kutoka, na ubao ambao katoka akarudi, kwangu ni namba moja. Droo moja. Wale thelathini na mmoja wa jana hawakuwa ajali, Wubbo. Walikuwa wanatuambia."

Wubbo alisahau kucheka. "Ina maana mfalme akirudi sasa..."

Kompyuta ikalia. Ljip ilikuwa imeamua: mfalme arudi mraba wake wa zamani.

Sietske alimrudisha mfalme, akabonyeza saa. Meza ya pili mtu alicheka. Ilionekana kama mfalme amekwenda kuchukua mwavuli. Saa ya Ljip ilisoma dakika nne na sekunde hamsini.

Hapo Wubbo alishika ukingo wa meza.

"Siets. Dakika tano."

"Naona."

"Huoni. Njia yangu ya mkato! Muda ukishuka chini ya dakika tano, programu inafungua droo inacheza kilichomo, bila kupekua. Niliiandika Ijumaa. Niliiandika, na... mlinzi hayumo. Nilimkwepa kwa mlango wa pembeni. Nikasema, muda umebana, wa nini tena kupapasana." Uso wake ulikuwa mweupe kama kikombe cha Govert. "Ikifungua droo ikakuta 'jifiche ngomeni,' itacheza. Hatua batili. Tumekwisha, na ni mimi."

Notaris ilikuwa bado inafikiri. Kama ingejibu kama Ljip ilivyotarajia, droo ingekuwa na ushauri mpya. Kama ingejibu vingine, ingefunguliwa droo ya zamani, yenye ushauri uliopekuliwa kwa kina wakati mfalme alikuwa bado na haki yake. Na kanuni ya kabati ilikuwa kwamba ushauri wa kina haufutwi na wa juujuu.

Sietske alimgeukia rafiki yake. Kulikuwa na jambo ambalo alilificha tangu jana, si kwa ubaya, bali kwa kuona aibu kumwonyesha kwamba alimkagua.

"Jana saa nne asubuhi, ulipokwenda kununua viazi, nilisoma kazi yako," alisema. "Nilimtoa mlinzi kwenye upekuzi nikamweka ndani ya kabati lenyewe. Hakuna mlango wa pembeni tena. Anayefungua droo yoyote, kwa sababu yoyote, anakutana naye."

"Umenikagua?"

"Nimekukagua."

"Kimyakimya?"

"Ningekwambia ungenicheka. Nisamehe."

Rangi ikaanza kumrudia Wubbo kuanzia masikioni. "Na uliujaribu? Huo mlango mpya?"

"Mara moja."

"Mara *moja*!"

"Wubbo, ni mistari sita. Naijua kama jina langu."

Notaris ikalia. Govert alisoma skrini yake, akanyanyua nyusi, akasukuma askari mmoja mbele ya mfalme wake mweusi hatua moja. Haikuwa hatua ambayo Ljip iliitarajia. Sietske aliiandika kwenye kibodi, herufi kwa herufi, akaihakiki, akabonyeza kitufe.

Skrini ikapepesa mara moja, na katikati yake, kwa herufi kubwa za kijani, kikatokea kile alichokijua: *jifiche ngomeni*.

Govert aliyaona maneno yale katika kioo cha dirisha lililokuwa nyuma ya Sietske. Akaweka kikombe chini polepole. "Binti," alisema, na hapakuwa na mzaha katika sauti yake, "mfalme wako alishatoka."

"Najua, Bwana Draaisma."

"Ikilia nalazimika kumwita mwamuzi. Sipendi kushinda hivyo."

"Ikilia mwite. Haijalia."

Bi Roest, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kusikia ukimya wa meza moja katikati ya meza kumi na mbili, alikuwa tayari amesimama nyuma yao na miwani yake kwenye paji la uso. Wubbo aliushika mkono wa kiti cha Sietske. Sekunde mbili. Sietske hakuwa na hofu, na jambo hilo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Kosa alikwisha kulikiri. Lilikuwa pale, na jina lake juu yake. Lakini alipoijenga Ljip hakuijenga kwa kudhani kwamba hatakosea kamwe. Aliijenga ili ushauri wowote, hata wake mwenyewe, usimamishwe mlangoni.

Pembeni mwa skrini kihesabu kiliongezeka kwa moja.

Maneno yakafutika. Mahali pake mistari ya upekuzi ikaanza kukimbia kama kawaida, kwa utulivu, kama karani aliyekuta hati haina sahihi akaiweka kando na kuchukua inayofuata.

"Imetupwa," alinong'ona Wubbo. "Imeitupa, Mungu wangu, imeitupa!"

"Kaa chini," alisema Sietske, "unaitikisa meza."

Ljip ilipekua kwa sekunde kumi na nne. Kisha ikalia, na hatua iliyotoa haikuwa ya kujificha hata kidogo: askari wa pili kutoka kulia asonge mbele, amtishie yule askari mweusi aliyetoka kusogezwa. Govert aliinama juu ya ubao. Mwendeshaji hafikiri, lakini macho yake yalikwisha kuona. Askari wale wawili wakilana, mstari wa pembeni ungefunguka mbele ya mfalme mweusi. Na mwisho wa mstari ule ilikuwapo ngome nyeupe, pale pale ilipozaliwa, kwa sababu tu mfalme wake hakupata nafasi ya kuiita.

"Kumbe ngome ilikuwa inasubiri kule," alisema mzee.

"Hata mimi nimeiona sasa hivi," alisema Sietske, na ilikuwa kweli.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kila Notaris ilipofikiri, Ljip ilikuwa ikizijaza droo zake. Kila zamu ya Ljip ilipofika, droo ilifunguliwa, mlinzi akachungulia, kompyuta ikalia. Saa ilishuka hadi dakika tatu, mbili, moja na nusu. Notaris iliendelea kuamini kwa hatua tano nzima kwamba ilikuwa salama, kwani hukumu ya zamani ilisema hivyo na hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia upya. Ilipoanza kuona, ngome mbili nyeupe zilikuwa zimesimama mlangoni kwa mfalme wake. Katika hatua ya arobaini na sita Govert alimwomba Bi Roest ruhusa ya kusalimu amri kwa niaba ya programu yake, akapewa, akamlaza mfalme mweusi ubavuni.

Alinyoosha mkono. "Pointi yako ya nne. Mwambie Eelkema nimeihesabu mimi mwenyewe." Kisha, kama ilivyo desturi katika kumbi zile, akavuta kiti chake upande wa pili wa meza, upande wa waliomshinda, akavaa miwani. "Sasa nionyeshe huyo mlinzi. Na namba zako pia. Ni ngapi?"

Sietske angeweza kumwonyesha ile mistari sita na kuishia hapo. Wubbo, aliyekuwa anafungua mkate mwingine wa zabibu, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Mia saba sitini na tisa," alisema Sietske, akafungua faili. "Zimepungua nne, Bwana Draaisma. Haki mbili za mfalme mweupe, ya kulia na ya kushoto, na mbili za mweusi. Ni kosa langu tangu mwezi wa tatu. Tumeshinda nikiwa nalo."

Mzee aliinamia faili. Akahesabu kitu kwa vidole, akatoa kalamu mfukoni, akaandika nyuma ya karatasi ya matokeo, akahesabu tena. Kisha akaicheka karatasi yake mwenyewe.

"Mimi ninazo hizo nne," alisema. "Ila sina ya zamu. Sijui hata mara moja ni zamu ya nani! Miaka mitatu, binti. Miaka mitatu hukumu ya mweupe naisoma kama ya mweusi, na kila ikiharibika nasema, ah, namba zimegongana."

"Wote tunasema hivyo," alisema Wubbo.

"Kaa kimya wewe, mtu wa mlango wa pembeni."

Mvua ilikuwa imepungua. Sietske alivuta daftari lililokuwa na mpangilio wa tasnifu ambayo sasa ilikuwa yake kwa haki. Sura ya kwanza aliyokuwa ameipanga ilihusu kasi ya upekuzi. Aliikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake aliandika kichwa kipya, *Hatua Elfu Mbili Zilizokataliwa na Kosa Lililozizaa*, na chini yake, kwa mwandiko ambao Dakta Eelkema angeweza kuusoma bila miwani, akaandika jina lake kamili kama mwenye kosa.

"Na mimi?" aliuliza Wubbo, akichungulia.

"Wewe uko sura ya pili."

"Nina kosa la kutosha sura nzima?"

"Unalo," alisema Sietske, akamsogezea kalamu. "Njoo uliandike mwenyewe."